Maji Yananitoroka: Historia ya Betri ya Kibofu na Lugha Tunayoinyima

Desemba iliyopita nilikwenda Matisi kumjulia hali shangazi yangu. Matisi ninayoisema ni ile ya Kitale, ipo nyingine upande wa Bungoma, na kwa kuwa jamaa zetu wametawanyika kote kuwili, ukisema unakwenda Matisi lazima uulizwe "Ipi?" Baada ya chai, shangazi alinivuta pembeni, nyuma ya jiko, akachomoa bahasha iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye leso yake.

"Wewe si ndiye profesa wa Kiswahili?" akaniuliza. "Basi nisomee hii kwa Kiswahili. Na usiwaambie hao wengine."

Bahasha ilikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya daktari, ya Kiingereza. Ya pili ilikuwa maelezo aliyotumiwa na mjukuu wake, muuguzi aliye Marekani, kuhusu kifaa kinachopandikizwa mwilini kumsaidia mtu ambaye kibofu chake hakimtii. Nikaanza kutafsiri papo hapo. Nilipofika penye neva nikasema "mshipa". Shangazi akanikata kauli: "Mshipa gani? Wa damu, ama ule unaowashika wanaume?" Nikajaribu tena: kifaa hiki hupeleka umeme kidogo. Akaruka: "Waniwekee stima mwilini? Mimi nife nikiwa nimekaa?"

Niliishiwa na maneno. Nimefundisha Kiswahili chuo kikuu kwa zaidi ya miaka 30, nimesimamia tasnifu na kuhariri istilahi, halafu karatasi moja ikanishinda mbele ya mama aliyeacha shule darasa la nne. Yeye mwenyewe alikuwa na maneno matatu tu ya kueleza maradhi yake, na yalitosha: "Maji yananitoroka, mwanangu." Kwa sababu ya maji hayo alikuwa amekwisha kuacha kwenda kanisani, kuhudhuria chama cha akina mama, na kupanda matatu kwenda sokoni Kitale.

Niliporudi chuoni nilifanya kile ambacho watu wa kazi yangu hufanya wanapoaibika: nikasoma. Makala haya ni matunda ya kusoma huko. Ni historia ya kifaa, lakini pia ni historia ya maneno, kwa maana moja haieleweki bila nyingine.

Kwanza, hiyo stima. Kuutia mwili umeme kwa ajili ya tiba si jambo la jana. Katika kaburi la Ti kule Saqqara, nchini Misri, lililochorwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, miongoni mwa samaki wa Mto Naili yumo kambare mwenye umeme, samaki ambaye ukimgusa mkono hufa ganzi. Waarabu wa Misri walimwita jina lenye asili moja na neno lao la ngurumo, neno ambalo sisi Waswahili tumelipokea kama "radi". Katika karne ya kwanza, tabibu wa Roma aliyeitwa Scribonius Largus aliandika kwamba mgonjwa wa kichwa au wa jongo awekewe samaki wa baharini wa aina hiyo, aliye hai, mpaka mahali panapouma pafe ganzi. Hawakujua umeme ni nini. Walijua tu kwamba kuna nguvu inayoweza kuzungumza na mwili.

Mwishoni mwa karne ya 18, Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alionyesha kwamba mguu wa chura aliyekufa hurusha teke neva yake ikiguswa na umeme. Mwaka 1791 alipochapisha matokeo yake, fikra za kale ziligeuzwa. Neva si mfereji wa kupitisha pepo au majimaji kama ilivyodhaniwa. Ni njia ya ishara, na ishara zenyewe ni za umeme. Kwa hiyo shangazi, ningekuwa na akili ya haraka siku ile, ningemjibu: stima imo mwilini mwako tangu ulipozaliwa. Ndiyo inayopigisha moyo wako, na ndiyo inayokuambia umebanwa.

Sasa twende kwenye kibofu chenyewe. Sisi tuliokulia kijijini tulilijua neno hili kwa kandanda: kibofu ni ile mpira ya ndani inayotiwa pumzi. Kibofu cha mkojo si tofauti sana na hicho. Kwa mtu mzima hubeba takriban mililita 400 hadi 500. Kikiwa kinajaa, misuli yake hutulia na kilango chake hujibana. Wakati wa haja ukifika, misuli hujikaza na kilango hufunguka. Mambo haya mawili yaliyo kinyume lazima yapokezane bila kukosea, mchana na usiku. Mwaka 1925 Mwingereza Frederick Barrington, kwa majaribio aliyoyafanya kwa paka, alionyesha kwamba kipo kituo katika shina la ubongo kinachoamrisha mapokezano hayo. Amri hushuka kwa uti wa mgongo hadi kwenye mfupa ulio juu kidogo ya kitokono, mfupa ambao Warumi waliuita mtakatifu. Kwenye matundu ya mfupa huo hutoka neva zinazokwenda kwenye kibofu, kwenye kilango chake na kwenye misuli ya sakafu ya nyonga. Njia hii ikiharibika popote, kwa ajali, kiharusi, kisukari, uzazi mgumu, au kwa sababu zisizojulikana, maji hutoroka, au hukwama yasitoke kabisa.

Aliyelijua hilo kwa uchungu zaidi ni askari aliyevunjika uti wa mgongo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wengi wa askari hao hawakufa kwa risasi bali kwa maambukizi ya njia ya mkojo na kuharibika kwa figo. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani, alifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo kule Stoke Mandeville, Uingereza. Wakenya wanaoshangilia Michezo ya Olimpiki ya Walemavu hushangilia tunda la kituo hicho, kwani michezo hiyo ilichipuka pale mwaka 1948. Lakini kabla ya michezo palikuwa na kibofu: Guttmann alijua kwamba asiyechungwa kibofu hataishi mpaka afike uwanjani.

Je, kibofu kinaweza kuamrishwa kwa umeme kutoka nje? Mdenmaki Saxtorph alijaribu mwaka 1878, akapitisha umeme ndani ya kibofu kilichogoma kumwaga. Baada yake mambo yalipoa, kwa sababu hakukuwa na betri ya kutosha mwilini. Iliyofungua mlango ni tiba ya moyo. Tarehe 8 Oktoba 1958, huko Uswidi, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichoundwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa hicho cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu. Larsson hakukata tamaa. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 na akaishi hadi mwaka 2001.

Baada ya hapo wataalamu wa kibofu walisema: kama moyo, kwa nini si kibofu? Mwaka 1963 Mwingereza Caldwell, wa Exeter, aliripoti kupandikiza kifaa cha kukaza misuli inayozuia haja. Mwaka 1970 Mmarekani Blaine Nashold alitia nyaya kwenye uti wa mgongo wenyewe ili kibofu cha mtu aliyepooza kimwage. Huko London, Giles Brindley alitumia miaka mingi akifanya majaribio kwa nyani. Methali yetu husema nyani haoni kundule. Brindley alipatazama pale pale asipopaona nyani, kwenye neva zinazotoka mwisho wa mgongo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alianza kuwapandikizia binadamu, na mwaka 1986 akaeleza matokeo ya wagonjwa wake 50 wa mwanzo. Kifaa chake hakikuwa na betri ndani. Mgonjwa alishika kisanduku nje ya mwili, akakiweka juu ya ngozi, na mawimbi ya redio yakaiamsha mitambo iliyozikwa. Mtu aliyepooza miguu akaweza kumwaga mkojo kwa wakati autakao.

Hapa ndipo historia inapopinda, na kupinda huko kunatuhusu sisi watu wa lugha. Brindley alitaka kibofu kilichozimika kiamke. Lakini wagonjwa wengi zaidi duniani wana shida iliyo kinyume, ya kibofu kisicholala. Ndiyo hali ya shangazi: akisikia maji ya bomba yakimwagika, au akitia ufunguo mlangoni, tayari amebanwa, na kabla hajafika msalani maji yamekwisha mtoroka. Katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, daktari Emil Tanagho, mzaliwa wa Misri aliyesomea udaktari Alexandria, pamoja na mwenzake Richard Schmidt, waligundua kwamba umeme mdogo ukipelekwa kwa utaratibu kwenye neva ya tatu ya mfupa ule hauchochei kibofu chenye wazimu. Hukituliza. Walianza kuwatibu watu mapema katika miaka ya 1980. Mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa watu wanaotokwa na mkojo kwa kubanwa ghafla, na mwaka 1999 ikaidhinishwa pia kwa wale ambao mkojo hukwama.

Nilitabasamu niliposoma habari za Tanagho. Mto Nzoia huchimbuka Cherangani, hupita Webuye, humwaga katika Ziwa Viktoria, na maji yake hatimaye hufika Misri. Maji yaliyopita jirani na Matisi zote mbili ndiyo yale yale yaliyomlea kambare wa Saqqara. Kwa hiyo tusizungumze habari hizi kama kwamba ni za watu wa mbali.

Kifaa cha leo hufanya kazi hivi. Waya mwembamba hupitishwa katika tundu la mfupa hadi karibu na neva. Kwanza mgonjwa hujaribu kwa siku kadhaa, au wiki mbili hivi, betri ikiwa nje ya mwili. Akipata nafuu ya nusu au zaidi, betri ndogo huzikwa chini ya ngozi, juu ya tako. Betri za mwanzo zilidumu miaka mitano hivi. Za sasa zipo zinazodumu zaidi ya miaka kumi. Mgonjwa ana rimoti yake. Yapo madhara pia: waya unaweza kusogea, kidonda kinaweza kuambukizwa, na mahali pa betri panaweza kuuma. Tena gharama yake ni maelfu ya dola. Ndiyo maana si tiba ya kwanza. Hutanguliwa na mambo ya bei nafuu: kupanga vinywaji, kukizoeza kibofu kusubiri, mazoezi ya misuli ya nyonga aliyoyaeleza daktari Arnold Kegel mwaka 1948, kisha dawa.

Ipo na njia ya katikati. Neva inayoshuka hadi kwenye kifundo cha mguu ina asili moja na neva za kibofu. Waganga wa Kichina wa tiba ya sindano waliitambua sehemu hiyo ya mguu zamani. Mwaka 1983 Mmarekani Edward McGuire aliripoti kuituliza kibofu kwa umeme uliopitishwa hapo, na katika miaka ya 1990 Marshall Stoller aliiboresha kwa sindano nyembamba: nusu saa kwa wiki, kwa wiki 12. Siku hizi wengine hutumia vibandiko tu juu ya ngozi, kwa mashine ndogo ya aina ile inayotumika kutuliza maumivu katika vyumba vya tiba ya viungo. Hakuna kisu, hakuna kuzikwa kitu.

Hapa lazima niweke mpaka. Ipo aibu nyingine ya maji ambayo watu wetu huichanganya na hii, nayo ni fistula, ambayo kamusi huiita nasuri. Huko ni tundu halisi, linalotokana na uchungu wa uzazi uliochukua siku nyingi bila msaada. Tundu halitulizwi kwa umeme, hushonwa. Catherine na Reginald Hamlin walifika Addis Ababa mwaka 1959, wakawaona wasichana waliofukuzwa kwao kwa sababu ya harufu, na mwaka 1974 wakafungua hospitali kwa ajili yao. Kwetu huku daktari Hillary Mabeya, aliyewahudumia wanawake wa Pokot Magharibi, ndiye mwanzilishi wa hospitali ya Gynocare mjini Eldoret, ambayo kwa matatu kutoka Kitale si safari ya kulala njiani. Tangu mwaka 2013, tarehe 23 Mei huadhimishwa na Umoja wa Mataifa kama siku ya kukomesha fistula. Mwanamke anayevuja mchana na usiku bila kubanwa, hasa baada ya kujifungua kwa shida, asingoje betri wala mazoezi. Aende akashonwe.

Lakini atakwendaje, ikiwa neno la kumpeleka hatuna? Turudi kwa lugha.

Neno letu la kawaida kwa mtu asiyezuia mkojo ni "kikojozi". Litazame vizuri. Limo katika ngeli ile ile tulikowatia kipofu, kiziwi, kiwete na kibogoyo. Ki- hiyo humchukua mtu mzima na kumfanya kuwa ila yake. Mwenye malaria hatumwiti "kimalaria". Ana malaria, leo; kesho atapona. Kikojozi hana kitu. Yeye ndicho kitu. Tena ni neno la kumchekea mtoto aliyelowesha kitanda, sembuse mama wa miaka sitini na tisa. Nani atakwenda kwa daktari akajitaje hivyo? Upande wa pili tuna tafsida chungu nzima: haja ndogo, kujisaidia, kutabawali, kwenda msalani. Zote ni nzuri, na zote huzungumzia tendo linapokwenda sawa. Likiharibika, tunaruka kutoka kwenye tafsida hadi kwenye tusi, na katikati hapana neno. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Hatujiulizi kama tulimwachia maneno ya kuyafichua.

Na istilahi za tiba? Mshipa una kazi nyingi mno: ni wa damu, ni wa fahamu, na ni ngiri ile aliyoitaja shangazi. Kwa hiyo naunga mkono "neva", hata kama wenzangu wa usafi wa lugha watanuna. Neno moja, maana moja. Kuhusu kifaa chenyewe, wapo wanaopendekeza "kichochezi cha neva". Ninawapinga kwa sababu mbili. Kwanza, Kenya hii uchochezi ni kosa la jinai na neno lenyewe linanuka siasa. Pili, ni kinyume cha walichogundua Tanagho na Schmidt. Kifaa hiki hakichochei, hurekebisha mazungumzo ya kibofu na ubongo. Kitaalamu tukiite "kirekebishaneva".

Hili si suala la wasomi kujistarehesha. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na tiba zilizopo, inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Inapowezekana! Haitawezekana kamwe ikiwa sisi tunaolipwa kuishughulikia lugha tunaendelea kuandika makala ya mia kuhusu vina vya mashairi na hatujaandika ukurasa mmoja wa kibofu. Najisema mwenyewe kwanza.

Mwezi Februari nilimpigia shangazi simu, nikamsomea tafsiri niliyoiandika upya. Nilimweleza neva, nikamweleza umeme wa mwilini, nikamweleza kwamba kifaa cha mjukuu wake kiko mbali kwa bei lakini kabla yake zipo ngazi za chini, za mazoezi na za mashine ya kifundo cha mguu. Nilimtajia pia kirekebishaneva changu. Alikaa kimya.

"Kumbe ni betri," akasema mwishowe. "Betri ya kibofu. Ungesema hivyo tangu Desemba."

Nimeliacha lake. Wanakamati wa istilahi watanisamehe. Neno linalomfikisha mtu kwa daktari limekwisha kufanya kazi yake. Wiki mbili baadaye alikwenda kliniki, safari hii akauliza maswali yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, na wakampa mazoezi na ratiba ya maji. Jumapili amerudi kanisani. Anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, ananiambia, lakini ibada anaimaliza.